Sisi kambisti hatungojei kazi

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wa Kampemba anayesikitika kuona watu wenye masomo "wamekaa barabarani na meza za dola, wakingojea kazi". Kwa heshima zote, mimi ni mmoja wao: kambisti, mtu wa kubadilisha pesa. Meza yangu iko karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na sina ninachongojea pale isipokuwa mteja.

Msomaji huyo si wa kwanza kuniona hivyo. Tantini yangu, mdogo wake mama, kila akipita hunisalimia vizuri, kisha anauliza: "Na kazi, bado?" Ananiuliza hivyo nikiwa nahesabu falanga za mtu! Nina diploma ya Serikali, seksheni ya biashara, na kwa tantini diploma ile ilipaswa kunikalisha ndani ya biro yenye mlango wa kufunga. Niliandika maombi, kama kila mtu aliyemaliza sekondari. Huku nyuma nikawa namsaidia mama mezani, na baada ya muda maombi nikaacha kuyapeleka. Hesabu nilizozipenda darasani nilizikuta pale kwa mama, na zilikuwa na watu ndani yake.

Wengi wanaokuja kwangu wanajua bei ya siku tu, kwa hiyo naomba nafasi nieleze. Mji wetu unaishi kwa pesa tatu: falanga yetu ya Kongo, dola, na kwacha ya Zambia. Mwalimu analipwa falanga, lakini mwenye nyumba anataka dola, garanti, ile amana ya nyumba, anaitaka kwa dola, na shule nyingi za binafsi zinahesabu minervali, yaani karo, kwa dola. Fundi wa kampuni ya migodi yeye analipwa dola, lakini akimpa mama wa sombe (kisamvu) noti ya 20 kwa mafungu mawili ya majani, mama huyo atatoa wapi chenji? Halafu kuna unga. Unga mwingi wa mahindi tunaosongea bukari, yaani ugali, unatoka Zambia, unapitia mpakani Kasumbalesa, na wamama wanaoufuata kule wanatafuta kwacha. Hao wote wanaweza kupita mezani kwangu asubuhi moja. Dola za fundi zinaenda kulipa nyumba ya mwalimu, falanga za mwalimu zinanunua sombe ya fundi, na wao wawili hawajawahi kusalimiana.

Watu wakiona mafungu yale ya falanga wanafikiri mimi ni tajiri. Majirani wanakopa, wajomba wanakumbuka namba yangu ya simu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya pesa ile ni ya patroni, mfanyabiashara wa piesi (vipuri) za magari. Asubuhi ananipa mtaji, jioni namrudishia pamoja na fungu lake. Kidogo kilicho changu nilikipata kwa likelemba ya wamama wenzangu wa soko, ule mchango tunaoupokea kwa zamu. Tuseme nimenunua dola kwa falanga 2,270 nikaiuza kwa 2,300. Dola 100 zitaniachia falanga 3,000, na hapo patroni bado hajachukua chake, tiketi ya soko, ushuru wa kila siku, bado haijalipwa, na taksi ya kunirudisha Katuba bado.

Kuhusu bei, tunasemwa sana. Mwaka 2025 dola, ambayo ilikuwa imepita falanga 2,800, ilishuka hadi karibu 2,300 kwa majuma machache. Kama raia nilifurahi falanga yetu kupata nguvu. Kama kambisti, nililala na dola za bei ya juu nikaamka na hasara, na patroni hakutaka kusikia habari ya hasara. Siku hizo wateja walifika na hasira: "Munatuibia!" Sisi bei hatuipangi. Asubuhi tunapigiana simu, wa mjini, wa Kasumbalesa, wa Kolwezi, tunaulizana wafanyabiashara wakubwa leo wanatafuta dola au wanaziachia, na bei inatoka hapo. Sukari dukani haikushuka upesi namna ile, lakini sikumwona mtu akienda kumpigia kelele mwenye ghala. Sisi tuko nje, ni rahisi kutufikia.

Ninachokipenda zaidi ni noti zenyewe. Vidole vyangu vinaijua dola kabla ya macho: nagusa kola ya yule mzee kwenye picha, pale pana mkwaruzo, halafu nainyanyua kwenye jua nione uzi na sura iliyofichwa. Noti mpya za 100, zile zilizoanza kutoka mwaka 2013, zina utepe wa buluu ambao picha zake zinatembea ukiinamisha noti. Watoto wa wateja wanapenda sana nikiwaonyesha.

Na hapa kuna jambo linalonishangaza hadi leo. Falanga 100 iliyobandikwa gundi ya karatasi, inayonuka samaki, imechakaa mpaka picha haionekani, inapokewa bila neno. Dola yenye mpasuko mdogo pembeni, kama kucha ya mtoto, inakataliwa mji mzima. Na zile noti za 100 za zamani, za kabla ya toleo la 1996, tunazoziita za kichwa kidogo, ndiyo kabisa. Marekani wenyewe wanasema noti zao zote za zamani bado ni halali. Waambie hivyo wafanyabiashara wa Lubumbashi! Mzee mmoja aliniletea moja aliyoitunza miaka mingi ndani ya kopo. "Banaikatala kila pahali, mama," akaniambia. Niliichukua kwa bei ya chini, kwa sababu na mimi yuko mtu wa mbali ninayemuuzia, naye anakata chake. Mzee aliondoka akinitukana. Ningekuwa yeye ningetukana pia.

Mama yangu, ambaye msomaji wa Kampemba angesema alingoja kazi maisha yake yote, alianza wakati pesa yetu ikiitwa zaire. Aliiona noti ya zaire 5,000,000 ikikataliwa na wafanyabiashara. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja falanga, moja kwa zaire mpya 100,000. Hesabu hizo alizifanya kichwani, mbele ya watu walioogopa kwamba wanaibiwa, na yeye hakumaliza hata shule ya msingi. Kisha mwanzoni mwa 1999 serikali ya Rais Mzee Laurent Kabila ikakataza watu kulipana kwa dola. Mpaka ruhusa iliporudi mwaka 2001, mama alikuwa "anauza vitenge". Vitenge vilikuwepo kweli, na katikati ya mikunjo yake ndipo dola zilipolala. Baadaye, hadi mwaka 2012, noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya falanga 500, basi mtu wa kununua dola za garanti alikuja na mfuko mzima, na mimi nilikuwa binti wa kuhesabu mfuko huo. Kasi ya vidole vyangu ilitoka huko.

Wezi wapo kati yetu, sitawaficha. Wapo wanaokunja noti katikati ya fungu ili ihesabiwe mara mbili. Wapo wanaokuacha uhesabu vizuri, ukute ziko sawa, halafu wanaliomba fungu "kuhakikisha", na likirudi kwako limekonda. Kwa hiyo ukishahesabu, weka mfukoni. Kambisti akitaka kulishika tena, mwambie akurudishie dola zako.

Kitu nisichokipenda katika kazi hii ni hofu ya jioni. Kila mtu mtaani anajua nilichoshika mchana. Namna ninavyofunga na njia ninayopita siwezi kuziandika gazetini, Bwana Mhariri atanielewa. Mume wangu anapenda nirudi kabla ya jua kuzama hata kama wateja bado wapo, na wateja wa mishahara huwa wanakuja saa hizo hizo. Tunagombana kuhusu jambo hilo kila mwisho wa mwezi.

Wengine wananiambia simu itatumaliza. M-Pesa na Airtel Money ninazo mezani, na ndizo zimeniongezea wateja. Mtu akishatoa dola zake kwenye simu bado anataka falanga za kwenda nazo sokoni, na anataka mtu wa kumwambia kama noti aliyopewa ni nzuri.

Msomaji wenu anapendekeza tuondolewe barabarani. Tuondolewe kwenda wapi? Kama komini, serikali ya mtaa wetu, ingetutengea safu moja ndani ya soko, yenye bati juu na mlinzi mmoja, wengi tungehamia wenyewe bila kusukumwa. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, mwavuli hausaidii: falanga zikilowa zinashikana, huwezi kuzihesabu, na mteja amesimama anakuangalia. Kodi ya nafasi kama hiyo tungeilipa kila mwezi. Tunachoomba ni kwamba anayekuja kuidai atoe risiti yenye muhuri, na awe mtu mmoja, si watatu wa mavazi tofauti siku moja.

Mama kambisti,
Katuba, Lubumbashi