Tunaomba vipande hivi vipigwe mpaka mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, yaani vipande vya muziki wa kale vinavyokatwa na kupigwa sekunde chache tu, nami nalieleza kama mtu aliyefundisha kinanda na kuongoza kwaya hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30.

Desemba iliyopita wanafunzi wangu walipiga muziki mbele ya wazazi wao katika ukumbi mmoja wa kanisa. Binti wa miaka 11, ambaye alikuwa amejizoeza kwa miezi mitano, alikaa kwenye kinanda akaanza kipande cha Beethoven, mtunzi wa kale wa Kijerumani, kiitwacho Für Elise. Kabla hajamaliza noti tisa za mwanzo, watoto waliokaa viti vya mbele wakapaza sauti kwa pamoja: "Lambalamba!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wazazi nao wakacheka, na binti yule akaondoa mikono yake kwenye kinanda, akaiweka mapajani, akawa anaitazama. Hakuendelea, wala sikuwa na moyo wa kumwambia aendelee.

Watoto wale walisema kweli. Kila alasiri muuza lambalamba hupita Ngamiani, kwenye Barabara ya Kumi na Mbili, akisukuma baiskeli yenye sanduku la barafu na spika ndogo iliyofungwa kwenye usukani, na spika ile hurudia noti hizo tisa na nyingine chache zinazofuata, kisha hukatika na kuanza upya, mpaka jua linapozama. Mtoto aliyezaliwa katika mtaa ule amezisikia mara nyingi mno kabla hajajua kuwa palikuwepo mtu aitwaye Beethoven. Tukumbuke pia kwamba si sisi peke yetu tuliopatwa na jambo hili, kwani huko Taiwan magari ya kuzoa taka hupiga kipande hichohicho ili watu watoke majumbani na mifuko yao ya taka.

Sasa niruhusu niwaeleze wasomaji ni kitu gani hasa kinachokatwa. Beethoven alikiandika kipande hiki mwaka 1810, akafariki mwaka 1827 bila kukichapisha, na dunia ilikipata mwaka 1867, miaka 40 baada ya kifo chake. Mwanzo wake, ule unaojulikana na kila mtu, unakwenda na kurudi kati ya noti mbili zilizo jirani kama mtu anayetaka kusema jambo akasita. Baadaye inaingia sehemu ya pili, yenye uchangamfu na vidole vinavyokimbia, halafu mwanzo unarudi. Ndipo inapokuja sehemu ya tatu, ambayo nathubutu kusema kwamba watu tisa kati ya kumi wanaoutambua mwanzo hawajawahi kuisikia: mkono wa kushoto unagonga noti moja ya chini, tena na tena, bila kuhama, wakati mkono wa kulia unapanda juu yake kwa sauti nzito zenye uchungu. Mkono wa kulia hatimaye unakwea mpaka juu kabisa, unateremka hatua ndogondogo bila kuruka hata kibonye kimoja, cheupe wala cheusi, na pale unapofika chini unatukuta tena kwenye zile noti tisa. Safari hii si noti zilezile, kwa sababu masikio yetu yametoka kwenye ile sehemu ya tatu. Kipande chote hakichukui zaidi ya dakika tatu na ushei, lakini atakayepewa sekunde kumi za mwanzo peke yake hajapewa hata theluthi ya maana yake.

Sababu ya watunzi wa kale kutumiwa hivi inaeleweka. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingine zina vipindi vya namna hiyo, hivyo kazi za Beethoven ni mali ya kila mtu. Mtengenezaji wa spika halipi chochote, na hakuna mjane wala mtoto wa kumlalamikia. Ndivyo ilivyomkuta pia Francisco Tárrega, mpiga gitaa wa Hispania aliyefariki mwaka 1909: katika miaka ya 1990 kampuni ya Nokia ilichukua kifungu kifupi kutoka katika Gran Vals yake ikakifanya mlio wa simu, na leo mpiga gitaa yeyote anayekipiga kipande kile hawezi kufika kwenye kifungu hicho bila wasikilizaji kupapasa mifuko yao.

Nisieleweke kwamba napinga kuazima mahadhi, kwa maana huko nitakuwa naikana historia ya muziki wenyewe, na ya mji wangu pia. Wimbo wa Ijumaa Kuu unaomlilia Kristo aliyevikwa taji la miiba, ambao mtunzi Bach aliutumia mara kadhaa katika Mateso ya Mathayo, kazi yake ya kwaya na okestra, ulianza kama wimbo wa mapenzi wa Hans Leo Hassler uliochapishwa mwaka 1601, na wanaouimba leo wakilia hawakosi kitu. Taarab ya mwambao nayo, ambayo Tanga iliipatia vikundi vyenye sifa kama Black Star na Lucky Star, imejaa mahadhi yaliyotoka kwenye filamu za Kihindi. Marehemu mama yangu alipousikia wimbo wa namna hiyo alikuwa akituambia ameuona ukichezwa sinema, na bado machozi yalimtoka kwa ajili ya shairi la Kiswahili. Mahadhi hayakuharibika kwa sababu aliyeyaazima aliyajengea nyumba nyingine nzima, yenye beti, kiitikio na mwisho. Spika ya baiskeli haijengi kitu. Inavunja kipande cha ukuta na kukibeba barabarani.

Simlaumu muuza lambalamba, na nilihakikisha anajua hivyo. Baada ya siku ile nilimsimamisha nikamuuliza alikoutoa wimbo wake, akanijibu kwamba spika aliinunua ikiwa na mlio huo ndani. Nyumbani kwangu pana kinanda karibu na dirisha la barabarani, nikamwomba asubiri, nikampigia kipande chote huku yeye amesimama nje ameshika baiskeli yake. Nilipomaliza aliniuliza kama ule wa katikati ni wimbo mwingine. Nilipomwambia kuwa ni huohuo, aliomba nimrudilie pale "panapogonga," yaani ile sehemu ya tatu, nami nikampigia mara mbili.

Tangu hapo naamini kwamba dawa ipo. Watu hawatasahau lambalamba, hilo haliwezekani, lakini wanaweza kuongezewa kile walichonyimwa. Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya redio vya Tanga, ambao kila siku hutumia sekunde chache za muziki wa namna hii chini ya matangazo ya vifo, ya maduka na ya michezo, watenge angalau nusu saa kwa wiki wapige kazi hizo tangu mwanzo hadi mwisho, na mtangazaji asizungumze juu yake. Nawaomba washereheshaji wa harusi, ambao huukata muziki wa mtunzi Wagner wa kumwingiza bibi harusi mara tu bibi harusi anapofika kiti chake, wauache ukamilike hata kama keki inasubiri. Na walimu wenzangu wa kinanda nawaomba tuache desturi ya kumfundisha mtoto ukurasa wa kwanza tu kwa sababu ndio mwepesi na ndio unaowafurahisha wageni, maana kwa kufanya hivyo sisi nasi tumekuwa tukikata, na mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi.

Binti yule amerudi kwangu baada ya wiki sita. Hakutaka kuanzia mwanzo, nami sikumlazimisha. Tumeanzia sehemu ya tatu, mkono wa kushoto peke yake.

Mwalimu wa kinanda na kwaya,
Ngamiani, Tanga