Bei ya kambini ni tamu, nauli ndio inatumaliza

Kwa Mhariri,

Mimi ni mke wa sajenti. Mzee wangu saa hii yuko kazini huko upande wa Somalia, mimi na watoto tunakaa hapa Lurambi, Kakamega, kwa hivyo nyinyi mnaopenda kusema ati familia za wanajeshi zinakula raha juu ya kuuziwa vitu bei ya chini, hebu leo mnisikize kidogo.

Mwezi uliopita niliamka saa kumi ya usiku nikapanda matatu ya kwanza kuenda kantini ya jeshi, yaani ile duka ya kambini. Ni kambi gani sitasema, wenye kuuza pale wengine ni marafiki na kosa si lao. Lakini kambi kubwa za upande wetu ni Eldoret, ukipita huko ni Lanet na Gilgil, so kama wewe ni mtu wa Kakamega, Busia, Siaya ama Bungoma ukisikia kantini jua ni safari. Getini nikatoa kadi, afande akaangalia picha, akaniangalia mimi, akauliza, "Mama, mbona umekonda hivi?" Nikacheka tu. Ndani bei ni nzuri, siwezi danganya. Nikachukua mchele, sukari, unga ya ngano, mafuta ya kupika mtungi wa lita 10 na katoni moja ya sabuni. Wakati wa kurudi mtungi uko katikati ya miguu, katoni iko kwa mapaja, nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu. Hivyo vitu kwa duka za huku vingenitoka 1,140 zaidi. Nauli ya kuenda na kurudi, pamoja na ile makanga alinidai ya mzigo, ni 1,000. Chai na mandazi hapo steji, 120. Nimebaki na shilingi 20 na mgongo unauma.

Nepi sikupata. Friji za milango miwili zimejipanga huko nyuma kama gwaride, teevee zimewashwa zote zinaonyesha samaki wakiogelea, kreti za bia zimepandana mpaka karibu na dari, lakini nepi za mtoto wa miezi minne niliambiwa nirudi wiki ijayo. Nirudi, kwani naishi nyuma ya ukuta?

Jioni nilimweleza mzee kwa simu, akanyamaza kidogo halafu akaniambia kitu sijasahau. "Mama Baraka, mimi huku nalishwa na serikali. Hio bei iliwekwa kwa ajili yenu." Na ni ukweli, mwanajeshi akiwa kazini chai yake iko, ugali wake uko. Mwenye anahangaika na bei ya sukari ni yule alibaki nyumbani. Tangu jeshi letu liingie Somalia Oktoba 2011 hawa waume wanaenda wanarudi, wanaenda tena, na sisi wengi hatukai kwota, zile nyumba za kambini, tunakaa karibu na shule ya watoto ama kwa wakwe. Sasa inakuaje duka inajengwa pale mwenye kulishwa analala?

Duka kama hizi si za kutajirisha mtu. Wazo lenyewe ni kwamba zinauza bila ushuru ama kwa bei nafuu, na kafaida kanachopatikana kanarudi kwa askari na familia zao. Ni wazo la zamani. Wamarekani wana duka zao za jeshi, Army and Air Force Exchange Service, ilianza 1895, Waingereza wana zao, NAAFI ya 1921. Kijana wangu wa chuo ndio alinitafutia haya mambo, akaniambia pia Wamarekani wana duka zingine za chakula tupu zinauza kwa bei ya chini halafu unaongezewa asilimia 5 pale kaunta, na hio 5 ndio inajenga na kurekebisha duka zenyewe. Yaani kila mtu anajua shilingi yake imeenda wapi! Mimi risiti yangu haisemi kitu, na ubao wa matangazo pale nje una ratiba ya mpira na karatasi ya mtu anauza pikipiki. Wangebandika hapo karatasi moja tu kila mwaka, tumeuza hivi, tumebaki na hivi, tumefanyia hivi, ingekuwa shida?

Lakini kilichonishika zaidi ni hiki. Tarehe 11 Novemba 2017 hao Wamarekani walifungulia askari yeyote wa zamani aliyetoka jeshini kwa heshima anunue kwa mtandao kwa zile duka zao za Exchange, akiwa kwake. Kwake, Mhariri! Sisi tunalipa stima kwa simu, karo kwa simu, michango ya matanga kwa simu, mpaka mama mboga ana tili. Mbona nisilipe oda kwa simu na namba ya kazi ya mzee, halafu lori moja lishukishe mizigo Kakamega, Kisumu na Bungoma mara moja kwa mwezi, kila mtu anakuja na kadi yake kuchukua? Hata waongeze kitu kidogo ya mafuta ya lori, bado ni afadhali kuliko 1,000 yangu.

Najua jibu litakuwa ni ulanguzi, ati vitu vikitoka nje ya geti vitauzwa mtaani. Si uongo, hio hofu iko na msingi, kitu haina ushuru lazima mtu aone biashara. Tanzania mwaka 2016 serikali ilifuta msamaha wa ushuru kwa maduka ya vikosi ikasema askari watapewa posho badala yake, kwa hivyo tukicheza na hii nafasi inaweza kuenda tukiona. Lakini jamani, mlanguzi gani anashughulika na sabuni ya kipande na unga? Bia na friji ziache ndani ya ukuta, weka mpaka wa kilo kwa kila kadi, leta chakula na vitu za watoto. Siombi teevee.

Na wajane. Mjane hakai kwota milele, anarudi kijijini na watoto. Kule El Adde, Somalia, Al-Shabaab walipovamia kambi yetu Januari 2016 wakaua vijana wetu, wengi wa waliokuwa kwa ile kambi walikuwa wa batalioni ya 9 ya Eldoret, na unajua vile Magharibi inatoa vijana wa jeshi. Baba mkwe wangu alistaafu jeshi zamani za Afko, vile hizi kantini zilikuwa zinaitwa, mabati ya nyumba yake ilitoka huko na mpaka leo haijavuja, anaisifu kila mvua ikinyesha. Sasa goti limekataa matatu, kadi yake iko kwa droo na bibilia.

Mimi mwezi huu siendi. Mchele nitachukua kwa Mama Auma hapo ng'ambo ya barabara, ni ghali lakini ananikopesha, na nepi ako nazo.

Mke wa Sajenti,
Lurambi, Kakamega.