Kilichokufa China mwaka 1943 hakikuwa ulinzi

Mhariri,

Ni zaidi ya miaka 20 nasoma gazeti lako bila kukuandikia, lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu raia wa kigeni nchini China imenishinda kuvumilia. Mwandishi alidai kwamba zamani wageni walilindwa na mabalozi wao, na kwamba ulinzi huo ulikwisha mwaka 1943.

Kilichokwisha Januari 1943, Uingereza na Marekani zilipotia saini mikataba ya kukiacha, ni mamlaka ya balozi mdogo kumhukumu raia wa nchi yake, kwa sheria za kwao, katika ardhi ya Wachina. Uingereza iliyapata mamlaka hayo mwaka 1843 baada ya Vita vya Afyuni, ilivyopigana na China, na Marekani mwaka 1844 kwa Mkataba wa Wangxia. Chanzo tazama hiki: mwaka 1839 mwanakijiji wa Kowloon, karibu na Hong Kong, Lin Weixi, aliuawa kwa kipigo cha mabaharia, wakiwamo Waingereza. Lin Zexu, kamishna wa mfalme wa China, alidai muuaji akabidhiwe. Charles Elliot, msimamizi wa biashara wa Uingereza, akakataa, akaendesha kesi mwenyewe melini, na wale aliowahukumu kifungo wakaachiwa walipofika kwao kwa kuwa Elliot hakuwa na mamlaka ya kuwahukumu. Miaka 4 baadaye mamlaka yakaandikwa mkatabani. Ndugu wa marehemu wangeuita huo ulinzi wa nani?

Ulinzi wa kibalozi ni kitu kingine, na upo hadi leo. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa mahusiano ya kibalozi wa mwaka 1963, ambao China imejiunga nao, inataka mgeni aliyekamatwa aelezwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake uarifiwe. Mimi sikuelezwa. Nilikwenda Guangzhou kununua vitambaa, nikakamatwa usiku mtaa wa Xiaobei kwa kuwa pasipoti yangu ilikuwa hotelini. Nilikaa kwenye benchi la kituo hadi alfajiri, nikachovya kidole gumba katika wino mwekundu na kukigandamiza chini ya kurasa tatu za Kichina ambazo mpaka leo sijui zilisema nini. Namba ya ubalozi nilikuwa nimeiandika nyuma ya risiti. Niliporuhusiwa kupiga, simu iliita mpaka ikakatika, mara nne. Aliyenitoa ni mama mmoja mfanyabiashara mwenzangu, aliyeniletea pasipoti kwa teksi.

Mwaka huohuo nililipia mhuri wa hati za mzigo katika ofisi ileile iliyoshindwa kupokea simu, nikasubiri wiki tatu, nikaambiwa ada ni gharama ya kuhudumia raia walio ugenini. Huduma ipi?

Naomba kila anayesafiri kwenda China apewe kadi ngumu ya kuweka mfukoni, kwa sababu pasipoti huenda iko hotelini. Upande mmoja iwe na namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku na mtu anayejua Kichina. Upande wa pili, kwa maandishi ya Kichina yanayosomeka, sentensi moja tu: Naomba ubalozi wangu uarifiwe.

Msomaji wenu wa siku nyingi