Nilikata hela ya bima nikampelekea mkandarasi, leo ukweni naitwa mwizi

Anti, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi alfajiri, usingizi umegoma. Mke wangu kageukia ukutani, tangu jana hanisemeshi. Ukweni wameshanihukumu, na aliyekula hela amelala kwake bila wasiwasi.

Mimi ni fundi ujenzi, watu wa saiti nyingi za Mwanza wananijua. Mkandarasi ananipa kazi kwa mdomo, mimi nakusanya vijana, Jumamosi ananikabidhi hela nawagawia. Ndivyo tunavyoishi, wewe mwenyewe unajua, nani anamwandikia saidia fundi mkataba? Saiti yetu hii iko mlimani juu ya mawe, upande wa barabara ghorofa mbili, upande wa bonde tatu. Jukwaa la mirunda lilisimamishwa juu ya jiwe linaloteleza. Nililisemea. Nikajibiwa mbao zinakuja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akapanda na karai la mota, mrunda ukachomoka.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Tulimkimbiza Bugando, akawekewa vyuma, na hela ya kwanza ilitoka mfukoni mwangu, hilo hawalisemi. Sasa mama mkwe, ambaye hata tukikutana njiani kila mtu anaangalia pembeni kwa heshima, alinisimamia nje pale mbele ya ndugu zake akasema, "Mmekula mguu wa mwanangu." Hakusema ajali, Anti. Alisema mmekula.

Kisa ni bima. Tangu tunachimba msingi, mkandarasi aliniagiza kila kijana akatwe 500 kwa siku, eti ya bima. Siku ya kibarua ni 12,000, wakawa wanapokea 11,500. Nilikata kama nilivyoagizwa na nikampelekea yote, sikubakiza hata ya soda. Risiti hakunipa. Wewe ungemdai bosi wako risiti?

Shemeji alipoanguka nikamfuata mkandarasi anipe hiyo bima. Akanionyesha cheti kilichobandikwa ofisini pale saiti. Mwanangu wa kwanza alikisoma mstari kwa mstari: bima ile inalinda jengo lenyewe, vifaa, na mtu wa nje au jirani akiangukiwa na tofali. Kibarua anayelibeba hilo tofali hamo. Nikamuuliza, na ile 500? Akanijibu, "Yule ni kijana wako, ulimleta wewe."

Kuna kijana jirani yetu anasoma sheria chuo kikuu cha SAUT, ndiye aliyenifungua macho. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wenyewe wanauita WCF, sheria yake ni ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara. Nikapiga hesabu nyuma ya mfuko wa saruji: vijana wanane, 12,000 kila mmoja, siku 26, jumla 2,496,000. Mchango wa mwezi mzima ni 12,480. Anti, hiyo ni siku ya kibarua mmoja na chenji! Na yeye kwa ile 500 alikuwa anachukua 104,000 kila mwezi kutoka kwa hao hao vijana. Halafu mimi ndiye nimekula mguu.

Ushahidi wote ni daftari langu, kaunta buku lenye saruji mpaka kwenye jalada. Kila Jumamosi kuna majina, siku walizofanya, halafu safu ya mwisho nimeandika B, bima. Mwandiko wote ni wangu. Sahihi ya mkandarasi haimo hata moja. Huyo kijana wa SAUT anasema daftari hilo hilo linaweza kumsaidia shemeji na linaweza kunifunga mimi, maana mkono uliokata ni wangu. Lakini mimi nilikuwa daraja tu, hela ilipita!

Shemeji anataka niende naye ofisi za Mfuko nikaeleze kwamba alikuwa kazini, nani aliyekuwa anatulipa, na jukwaa lilikuwaje. Muda wa kudai ni miezi 12 tangu ajali, na miezi inakatika. Mkandarasi naye kasikia. Jana kanipigia kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, anataka nilipeleke daftari "tulinganishe mahesabu". Akagusia na kazi ya hosteli upande wa Nyegezi, kwamba fundi bado hajapatikana.

Simtaki tena huyo mtu, nakwambia ukweli. Ila watoto wawili wako sekondari, na hiyo hosteli ni kazi ya mwaka mzima. Shemeji nampenda, nimemfundisha mimi kushika mwiko. Ila akishalipwa, nyumbani kwangu asije kwanza mpaka mama yake afute lile neno. Mke wangu anasema hapo ndipo anaponiona mwizi kweli, kwamba nabishana na neno la mama wakati mdogo wake anatembelea magongo. Sasa nisiumie? Mmekula! Mbele ya watu!

Nikienda kule Mfuko, na mimi nitahesabiwa mwajiri nidaiwe michango ya miaka yote? Au wanamfuata mwenye kandarasi? Na hilo daftari nimpe nani?

Nijibu mapema, Jumatatu tunamwaga zege la slabu na mkandarasi amesema nije na daftari. Jina langu usilitoe, na ukitoa barua hii hapo penye ghorofa mbili na tatu paondoe, saiti ya namna hiyo mtaani kwetu iko moja tu.