Msimzeeshe mtoto kwa karatasi

Kwa makocha na wazazi wa vikundi vya sarakasi vya Kisauni, Bombolulu na Likoni.

Wanangu, salaam. Sarakasi nimeicheza mchangani, nikaicheza hotelini mbele ya watalii, mwisho Ulaya. Sasa magoti hayataki hata ngazi ya matatu, ndiyo maana naandika badala ya kuja mazoezini.

Ajenti anayetafuta wanasarakasi wa kupeleka ng'ambo akija, hawaangalii mabarobaro wanaobeba chini. Jicho lake liko kwa yule mdogo wa juu kabisa ya piramidi. Anauliza umri. Mkisema miaka 14 anacheka: cheti cha kuzaliwa cha umri mkubwa kitatengenezwa. Nanyi mkikumbuka karo na deni la dukani, mnanyamaza.

Mwenzangu mmoja alipanda ndege ana miaka 15, pasipoti inasema 19. Maonyesho matatu kwa siku, Jumapili manne. Pasipoti zetu zote zilifungiwa kabatini kwa meneja. Alipoteguka mkono nilimfunga kwa kipande cha kanga ya mamake, na jioni akapanda tena. Siku moja mkaguzi wa kazi alikuja, kabati likafunguliwa, akasoma pasipoti, akaona mtu mzima, akaenda zake.

Umri wa kweli ndio uliokuwa ngao yake, na sisi ndio tuliomvua. Mkataba nambari 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1973, unataka mtoto msanii apewe kibali chake mwenyewe, kinachotaja saa za kazi na masharti. Ujerumani, mtoto aliyezidi miaka 6 akiruhusiwa kucheza tamthilia, ni kwa muda usiozidi saa 4 kwa siku. Mwenye miaka 19 ya bandia nani atamhesabia saa?

Wala msiniambie "mwenyewe alitaka." Nani hakutaka kupanda ndege? Kwa sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya biashara ya kusafirisha watu, mtoto akisafirishwa akanyonywe, ridhaa yake haimwokoi aliyempeleka. Kifungo chake ni miaka 30 kwenda juu, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Ajenti akimtaka mdogo, alete kibali chenye tarehe halisi ya kuzaliwa, mkataba mtakaosomewa kwa Kiswahili, na tiketi ya mtu mzima wa kikundi asiyepanda jukwaani. Hataki? Aondoke na wakubwa. Piramidi itapungua ghorofa moja tu.

Mzee wenu,
Mombasa