Rejesho la mwisho lilipoangukia Krismasi ya 1903

Mhasibu wa SACCOS moja tunayoihudumia alitupigia simu Ijumaa jioni, sauti imemkauka. Alikuwa anamwandalia mwanachama mkopo wa nyumba wa miaka 15: marejesho 180, la kwanza 28 Februari 2025, la mwisho 31 Januari 2040. Ratiba ilitoka vizuri hadi rejesho la 155. La 156, badala ya 31 Januari 2038, likaandikwa 25 Desemba 1901. La 180 likatua Krismasi ya 1903, Mjerumani akiwa bado anatawala Dar es Salaam. Programu ikaona marejesho 25 yamecheleweshwa zaidi ya miaka 120, ikaanza kumpiga mwanachama penati kabla hajashika hata senti.

Mhasibu hakukosea, na kirusi hakuhusika. Kompyuta nyingi hutunza tarehe kama idadi ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Programu za zamani ziliitengea hesabu hiyo biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, na biti moja kati ya hizo ni ya kuonyesha hasi au chanya. Zilizobaki zinabeba mwisho sekunde 2,147,483,647. Zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za kwetu. Sekunde inayofuata, namba inageuka kuwa hasi na tarehe inarudi Desemba 1901. Anayeandika leo tarehe ya mbele ya hapo, kwake 2038 imeshafika.

Programu ilirekebishwa kwa kuipa hesabu hiyo biti 64, kazi ya nusu siku. Kilichotuchelewesha ni diski ya seva.

Kila faili huandikiwa lini limebadilishwa, na mwisho wa tarehe hizo unategemea mfumo wa faili, yaani namna diski inavyopanga faili zake. NTFS ya Windows huhesabu tangu 1601 kwa biti 64. Hiyo hata vitukuu vyetu hawataimaliza. Flashi ya FAT32 inaishia 2107. HFS+ ya Mac za zamani, Februari 2040. ext3 ya Linux, 2038.

Halafu kuna ext4, na hapa hata mafundi hudanganyika. Inafika 2446, ndiyo, lakini ikiwa tu ainodi, yaani kile kikadi kinachobeba maelezo ya kila faili, ina baiti 256 au zaidi. Diski iliyozaliwa ext3 ikapandishwa kuwa ext4 bila kufomatiwa upya inaweza kubaki na ainodi za baiti 128, na ukomo wake unabaki 2038 ingawa jina limebadilika. Seva ile ilikuwa hivyo hivyo.

Tafadhali usijaribu haya kwa kusogeza saa ya seva mbele. Leseni zitakatika, na bakapu ya otomatiki inaweza kuona nakala zako zote zimepitwa na wakati ikazifuta. Sisi tunaunda faili tupu, tunalibandika tarehe ya 31 Januari 2040, kisha tunalisoma. Kwenye ile seva lilirudi na 19 Januari 2038, 06:14.

Kama una laptop ya Windows ya kuandikia barua na ankara, usimlipe mtu akukagulie diski kwa ajili ya hili. Wenye seva za Linux za miaka mingi, programu za mikopo, bima au pensheni, na rekoda za zamani za kamera za ulinzi, hao ndio tunaowaomba watuite. Rekoda, kwa kweli, ikikosa sasisho la mtengenezaji, dawa yake ni kununua nyingine.

Ukaguzi umo ndani ya matengenezo ya mwaka, hatutozi zaidi. Kufomati diski upya kunataka seva izimwe, kwa hiyo tunakuja Jumamosi mchana mkishafunga hesabu, na hatugusi kitu kabla hujaona kwa macho yako bakapu mbili zikifunguka.