Kabla ya kuweka amana ya muda maalumu, tazama mtaji wa benki

Mpunga ukishauzwa, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wa Mbarali na Kyela huja ofisini kwetu Mbeya kuuliza benki ipi ina riba nzuri. Sisi huanza na mtaji. Bodi ya Bima ya Amana humkinga mteja hadi shilingi milioni 7.5 tu benki ikifungwa, hivyo chama chenye milioni 200 kinabeba chenyewe hatari ya zaidi ya milioni 192. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa benki ya wananchi ya Njombe, jirani zetu kabisa.

Kanuni ya Benki Kuu inataka mtaji wa msingi (fedha za wanahisa baada ya makato fulani) usipungue asilimia 10 ya mali zilizopimwa kwa hatari, yaani kila mali ikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake, na mtaji wote asilimia 12. Juu ya hapo kuna akiba ya kinga ya asilimia 2.5. Benki ambayo mtaji wake wa msingi umevuka 10 lakini haujafika 12.5 haifungwi, ila inazuiwa kugawa gawio.

Taarifa ya robo mwaka inayotoka gazetini huonyesha fedha za wanahisa zikigawanywa kwa mali zote. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, maana Benki Kuu haipimi hivyo.

Chukua benki ya mfano yenye mali za bilioni 170: taslimu 15, dhamana za serikali 30, mikopo ya nyumba 20, mikopo mingine 100, mali nyinginezo 5. Fedha za wanahisa ni bilioni 17, yaani asilimia 10 ya mali zote. Sasa ondoa kwenye fedha hizo zile mali nyinginezo 5: programu za kompyuta bilioni 2, kodi iliyoahirishwa 2 na gharama zilizolipwa kabla 1. Mtaji wa msingi unabaki 12. Upande wa mali, taslimu na dhamana za serikali huhesabiwa sifuri, mikopo ya nyumba nusu, mikopo mingine yote kamili: jumla 110. Gawanya, unapata asilimia 10.9. Barua za dhamana ambazo benki imewapa makandarasi, pamoja na hatari za uendeshaji, huishusha zaidi.

Uwiano wenyewe umo kwenye hesabu za mwaka zilizokaguliwa, katika maelezo ya usimamizi wa mtaji. Hesabu hizo huchelewa, kwa hiyo robo kwa robo fuatilia mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati. Ikipanda juu ya asilimia 5 ya mikopo yote huku tengo la hasara (fedha zinazotengwa kufidia mikopo hiyo) halikui, mtaji unaoonyeshwa ni mkubwa kuliko uliopo.

Ukija kwetu, leta taarifa za robo nne za mwisho na hesabu za mwaka za kila benki unayoifikiria.